Kiporo Kinapanda Daladala

Wengi wenu, wasikilizaji, mnanisikiliza mkiwa mmesimama. Najua mmesimama, kwa sababu na mimi jana, saa kumi na mbili kasoro robo, nilikuwa nimesimama kwenye daladala ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mkono wa pili umekumbatia mkoba. Mbele yangu alikaa dada mmoja amepakata hotpoti. Mnazijua: plastiki nje, bati ndani, maua mekundu ubavuni, mfuniko wa kuzungusha. Tulipofika Mtoni kwa Azizi Ally bodaboda akakatiza, dereva akakanyaga breki, abiria tukaenda mbele sote kama magunia, na mfuniko wa ile hotpoti ukafyatuka.

Ulikuwa mchuzi wa samaki. Kiatu changu cha kushoto kikapata kifungua kinywa kabla ya mwenyewe. Harufu ya nazi na bizari ikajaa gari zima, watu wakaanza kumeza mate, na konda, kwa kuwa makonda hawakosi la kusema, akapaza sauti: "Jamani nauli ni ileile, chakula leo bure!" Tukacheka. Yule dada hakucheka. Aliinama anafuta kwa kanga, anarudia neno moja: "Samahanini, ni kiporo tu. Ni kiporo tu jamani."

Nikashuka Kariakoo na kiatu kinachonata, na lile neno limenikaa kichwani. Mchuzi umemwagika kwenye miguu ya watu watatu, lakini kilichomtia haya ni kwamba tumejua amebeba chakula cha jana. Basi leo mniruhusu nizungumze juu ya hicho kiporo, na juu ya kubeba chakula kutoka nyumbani kwenda kazini na shuleni, kwa sababu bei ya sahani ya mchana inawasumbua wengi, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni wa juujuu: beba chakula, utaokoa hela. Hela ipi, na unaiokoa wapi? Mimi nimelifanyia hesabu jambo hili, na hesabu haikunipa jibu nililolitarajia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mimi kwa miaka mingi nimekula mchana kwa mama ntilie mmoja karibu na ofisini kwetu. Sitamtaja jina, si mtu wa redioni. Jina hili la mama ntilie mnalijua lilivyozaliwa: mteja anasogeza sahani, anasema mama, nitilie. Siku hizi wapo wanaopenda waitwe mama lishe, na pia baba lishe wameshaingia kazini. Huyu wa kwetu ana daftari. Ukila leo huna hela, anaandika. Ukila kesho unayo hela lakini ni noti ya elfu kumi na hataki kuivunja, anaandika vilevile. Mwisho wa mwezi mmoja nikaenda kulipa, akanifungulia ukurasa wangu, akajumlisha kwa kidole, akasema: "Baba, yako ni 97,500."

Nikasema haiwezekani. Sahani ya wali nyama ni 3,000. Nafanya kazi siku 22 kwa mwezi. Mara 22, hiyo ni 66,000. Hiyo nyingine imetoka wapi? Akanisomea mstari kwa mstari, bila hasira, kama karani wa mahakama. Chapati. Chapati. Soda. Ijumaa kuku. Mboga ya ziada. Soda mbili, ulikuja na mgeni. Maji. Tunda. Chapati. Jumla ya hayo madogo madogo: 31,500.

Sasa pimeni uzito wake. Tangu Julai 2025, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hapa Tanzania ni shilingi 500,000. Kabla ya hapo kilikuwa 370,000. Mtu wa kima hicho akila nilivyokula mimi, karibu sehemu moja katika tano ya mshahara wake imeingia kwenye daftari la mama ntilie kabla hajalipa kodi ya nyumba. Na hapo amekula yeye peke yake, saa saba mchana. Watoto bado, na jioni bado.

Nikaamua kubeba. Nami nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wenu mmelifanya: nililinganisha maharage ya nyumbani na kuku wa hotelini. Ukilinganisha hivyo, akiba inaonekana kubwa mno, lakini hapo unajinyima kuku tu, kisha unakuita kule kujinyima akiba. Tulinganishe wali maharage na wali maharage. Kwa mama ntilie wangu sahani hiyo ni 2,000. Nyumbani kwangu, kwa bei za duka la mtaani kwetu, mchele tunanunua kilo 2,800. Sahani ya mtu mzima inataka kama gramu 150 za mchele mkavu, hiyo ni 420. Maharage kilo 3,000. Gramu 80 ni 240. Kitunguu, nyanya na mafuta, tuseme 250. Jumla 910. Tofauti ni 1,090 kwa siku, na kwa siku 22 inakaribia 24,000.

Lakini hapo sijaweka moto. Na moto ndio kiini cha mazungumzo yangu ya leo, nawaomba msikilize vizuri hapa.

Mama ntilie anawasha jiko moja, anapika sufuria ya watu hamsini au sitini. Mchele ananunua kwa gunia, maharage kwa gunia, nyanya kwa tenga, tena Ilala saa kumi usiku wakati mimi na wewe tumelala. Mkaa wake ukiugawa kwa sahani, kila sahani inabeba shilingi chache sana. Wewe ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukawasha jiko ili kupika sahani moja ya wali na kibakuli kimoja cha maharage, moto wote ule unaubeba wewe peke yako. Maharage hayana huruma na mkaa, yanakula saa mbili. Ukishalipa mkaa au gesi kwa ajili ya sahani hiyo moja, ile 1,090 imeyeyuka, na usingizi wako umeyeyuka nao. Ndiyo maana wapo watu wanaobeba chakula kwa mwezi mzima kisha wanashangaa mbona hela haionekani.

Akiba ipo mahali pamoja: kwenye sufuria ambayo tayari iko motoni. Jioni unapika wali wa watu watano. Ongeza kikombe kimoja cha mchele. Moto ni uleule, kitunguu ni kilekile, muda ni uleule. Kikombe hicho kimoja ndicho chakula chako cha kesho mchana, na gharama yake ni mchele tu na upawa mmoja wa mchuzi. Kwa maneno mengine, wasikilizaji, kinachookoa hela ni kiporo. Yule dada wa daladala alikuwa anatuomba radhi kwa akili yake.

Na hebu tuliangalie neno lenyewe. Chakula kilicholala lugha yetu imekipa majina zaidi ya moja. Huku bara na Dar es Salaam ni kiporo. Wapwani wana mwiku. Na liko neno bariyo, ambalo ni chakula cha usiku kilichowekwa makusudi kwa ajili ya asubuhi. Makusudi! Bariyo haikubaki kwa bahati mbaya. Mtu aliitenga kabla watu hawajaanza kula. Ukiwa na neno la namna hiyo, maana yake wazee walikaa wakafikiri. Hata masurufu, neno ambalo leo wahasibu wa serikali wanalijua kama fedha anazopewa mtumishi anapokwenda kikazi, na wanalijua kwa uchungu kwa sababu lazima ziandikiwe marejesho, maana yake ilikuwa, na bado ni, matumizi ya msafiri, chakula chake kikiwamo. Anayetoka Mbagala hadi Posta kila siku, kwa foleni ile, ni msafiri kamili. Ana haki ya masurufu.

Sasa, si kila chakula kinaweza safari. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimelipia elimu hii kwa tumbo langu.

Wali mkavu unasafiri vizuri. Pilau nalo halina shida. Ugali ni mgeni mgumu: ukiufungia kwenye hotpoti ukiwa wa moto, unatoa jasho, chini unalowa na juu unaweka ngozi. Dawa yake ni kuuzungushia kitambaa safi kikavu kabla ya kufunika, kitambaa kinywe lile jasho. Mchicha na matembele hubadilika rangi, ladha inabaki. Kachumbari isichanganywe na kitu. Ifungwe peke yake, na chumvi itiwe wakati wa kula. Mchuzi nao usiwekwe na wali, hilo kiatu changu kitatoa ushahidi. Uwekwe kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kizibo cha kukaza, na chupa isimame wima ndani ya mkoba.

Makande ndiyo mfalme. Makande ukiyala siku yalipopikwa umeyawahi. Yakilala, mahindi na maharage yanakubaliana, na kesho yake ni matamu zaidi. Wapare wanalijua hili tangu kabla ya redio. Viazi vitamu, magimbi na mihogo ya kuchemsha havihitaji hata hotpoti, karatasi na kitambaa vinatosha. Na ndugu zetu Wasukuma walikwenda mbali zaidi: viazi vitamu wanavikata na kuvianika vikawa michembe, au wanavichemsha kwanza ndipo wanavianika, vikaitwa matobolwa. Hicho ni chakula cha kubeba kisichodai friji wala umeme, na kinakaa miezi. Mimi nimefanya kazi na mzee mmoja wa Shinyanga aliyekuwa na matobolwa kwenye droo ya meza yake mwaka mzima. Tulimcheka mpaka siku mvua ilipofunga barabara zote, tukashinda ofisini bila chakula. Siku hiyo droo ile iliheshimiwa.

Cha kuogopwa ni nazi. Chochote chenye tui, katika joto letu la Dar, ni saa inayokimbia. Mimi niliwahi kufunga wali wa nazi saa kumi na moja alfajiri, wa jana, umepashwa moto juujuu. Saa saba mchana nilipofungua, haukunuka. Ulikuwa na kaukali kadogo tu, nikajiambia ni ndimu. Sikuwa nimetia ndimu. Jioni hiyo sitaisimulia hewani.

Hili si la mzaha, niseme wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la chumbani, na cha moto kitunzwe zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa. Kutoka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana ni saa 8. Katikati hapo kuna daladala, jua, na mkoba uliowekwa chini ya dirisha. Na wali una mdudu wake maalumu, wataalamu wanamwita Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa uvuguvugu zinaamka, zinaongezeka, na sumu ambayo mdudu huyo anaweza kuiacha haiondoki hata ukipasha moto tena. Kwa hiyo ile kauli ya "nitaupasha tu kazini" haitoshi ikiwa wali umelala mezani usiku kucha.

Basi nifanyeje mimi mtu wa kiporo? Usiku, chakula cha kesho kitengwe kabla ya watu kula, kisambazwe kwenye chombo kipana kipoe upesi, kisha kiingie kwenye friji. Alfajiri kipashwe mpaka kitoe mvuke hasa, katikati na pembeni. Wakati huo hotpoti iwe imejazwa maji yaliyochemka kwa dakika kama tano, yamwagwe, ndipo chakula kiingie kikiwa kinaunguza, na kijae. Hotpoti baridi inakula joto la chakula chako, na hotpoti nusu tupu inakaa na hewa tu. Asiye na friji, na ni wengi, aache wali na mchuzi vya jana; abebe vikavu: mihogo, viazi, chapati, karanga, ndizi, parachichi lisilokatwa. Au atafute wenzake watatu wanunue jiko dogo la umeme la kuweka ofisini, wabebe mchele na dagaa wakavu, wapike hapohapo. Nimeona mafundi wa gereji wakifanya hivyo, wamepanga zamu, na chakula chao kinawashinda mameneja.

Na chombo chenyewe. Zamani ugali wa moto uliingia kwenye mfuko wa rambo, tukafunga fundo, tukaona maendeleo. Mifuko ile ilipigwa marufuku hapa kwetu tarehe 1 Juni 2019. Kenya walitutangulia, Agosti 2017. Tumerudi kwenye makopo yenye vifuniko, na tuliostaarabika zaidi tunatumia kindoo cha Blue Band kilichokwisha. Mimi sina neno na kindoo hicho kwa mihogo na karanga. Kwa mchuzi wa moto, hapana: hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nije shuleni. Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Mama yake akaanza kumfungia chakula kwa sababu ile hela ya shule, 1,000 kila siku, ilikuwa inageuka barafu, ubuyu na mihogo yenye chachandu ya rangi isiyojulikana. Wiki ya kwanza, kila siku mtoto anarudi na hotpoti imejaa vilevile. Mama akakasirika: huyu amezoea vya mitaani. Shangazi akasema anaonewa na wenzake, wanamcheka viazi vyake. Bibi akasema ana minyoo. Kikao kikakaa. Jumamosi nikamwita, nikampa hotpoti ileile, nikamwambia, haya mjukuu wangu, kula babu akuone. Akaishika, akaizungusha, akainama juu yake kama anayefungua nati ya lori, mishipa ya shingo imesimama. Haikufunguka. Mtoto alikuwa na njaa wiki nzima, mbele ya chakula, kwa sababu mfuniko ulikazwa na mkono wa mtu mzima. Hakumwomba mwalimu amfungulie, alimwogopa. Tukabadilisha chombo kwa 3,500. Kwa hiyo kabla hujapanga mlo kamili, vitamini na protini, mpe mtoto chombo mkononi uone kama anakifungua.

Mengine ya shuleni nayapita haraka. Watoto watabadilishana chakula, huwezi kuzuia, nasi tulifanya hivyo chini ya mwembe. Na ziko shule zinazokataza chakula cha kutoka nje ilhali kantini yao inauza soda na biskuti. Wazazi wenyewe mnazijua, mkutano wa wazazi upo, semeni huko.

Lakini niseme kitu kinachopingana na mada yangu. Nairobi, tangu mwaka 2023, upo mpango wa serikali ya kaunti uitwao Dishi na County. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, kinapelekwa kwenye shule za umma, na mtoto analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, kwa kugusisha kibangili alichovaa mkononi. Shilingi 5! Hakuna mama wa Kayole wala wa Mathare anayeweza kufunga chakula nyumbani kwa shilingi 5, hata kama ni kiporo cha kiporo. Ni hesabu ileile ya mama ntilie: moto mmoja, watu wengi, na hapo serikali na wafadhili wanaongeza juu. Huku kwetu elimu ya shule za umma, msingi hadi kidato cha nne, imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, chakula cha mchana kikabaki kwenye michango ya wazazi, na michango hiyo mnajua inavyosuasua. Mzazi akiniuliza, babu, nifunge chakula au nitoe mchango wa uji na makande shuleni? Nitamwambia toa mchango. Sufuria ya shule ikichemka kila siku, itakushinda kwa bei, na itamlisha hata yule ambaye nyumbani kwao jana hakukubaki kitu.

Maana hilo ndilo tunalolisahau sisi wahubiri wa kiporo. Kiporo kinataka jana kuwe na ziada. Nyumba inayopika nusu kilo kwa watu saba haina cha kutenga.

Sasa nifike kwenye neno gumu, na hili linanihusu mimi na wanaume wenzangu. Mwezi wa kwanza wa kubeba chakula nilijiona hodari sana. Kila jioni nilidumbukiza 2,000 kwenye kibubu, kile cha mbao chenye tundu juu, nikakitikisa, kikaitika. Kibubu ni lazima, nawaambia. Hela ambayo hukuitumia mchana haikai mfukoni ikakusubiri; itaondoka na bodaboda, na vocha, na mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Ikiwa haikuingia kwenye kibubu au kwenye hisa za kikoba siku ileile, jua imeliwa. Basi natikisa kibubu changu, mke wangu ananitazama. Siku moja akaniuliza kwa upole, upole ule mnaoujua: "Baba watoto, hiyo hela unayoikusanya, ni ya nani?"

Nikasema ni yangu, nimeiacha kula kwa mama ntilie.

Akasema: "Na aliyeamka saa kumi na nusu kupasha hicho chakula analipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Jina la akiba lilikuwa langu, usingizi ulikuwa wake. Nilichokuwa nimefanya ni kumhamishia mke wangu kazi ya mama ntilie, tena bila daftari.

Swali lake likanikumbusha Mumbai, India, ambako wapo watu wanaoitwa dabbawala, kazi yao ilianza mwaka 1890. Wanapita nyumbani kwa watu asubuhi, jua limeshatoka, wanachukua makopo ya chakula, wanayapeleka kwa baiskeli na kwa treni mpaka mezani ofisini kabla ya mchana, kisha wanarudisha makopo matupu. Kila kopo lina alama za rangi na namba, nao ni maarufu duniani kwa kutoyapoteza. Watu wakisimulia habari hii husifu zile alama. Mimi nilipoisikia nilivutiwa na saa: mama wa nyumba ile hakulazimika kuamka alfajiri, chakula kilimfuata mwenyewe baadaye. Hapa Dar hatuna hao. Bodaboda akikuletea hotpoti kutoka Mbagala mpaka mjini, nauli yake inanunua sahani mbili za wali nyama.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tuliandika mkataba mpya. Chakula cha kesho nakitenga mimi, usiku, na alfajiri nakipasha mimi. Maharage yanalowekwa tangu asubuhi ili yaive upesi jioni. Hilo nalo ni langu. Mwanzoni niliunguza sufuria mbili. Na kibubu kina funguo mbili. Tangu hapo nimegundua kwamba sihitaji kubeba siku zote tano. Nabeba Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa naenda kwa mama ntilie, nalipa taslimu, silali kwenye daftari. Maana hata yeye ana watoto, na kwenye benchi lake ndiko ninakosikia nani kahamishwa, nani kafiwa, na nyumba gani inapangishwa. Anayekula peke yake mezani na hotpoti yake habari hizo zinampita.

Na Ijumaa hii iliyopita nilichelewa, nikafika kama saa tisa, masufuria yameshaoshwa, benchi limepinduliwa. Nikakuta amekaa mwenyewe kwenye kigoda, anajiandaa kula. Nikamwambia, mama, leo angalau nikuone na wewe ukila wali wako. Akacheka. Akainama chini ya meza, kati ya ndoo na kapu la vikombe, akatoa kihotpoti kidogo kilichofungwa kwa kanga. Akafungua. Makande.

"Ya jana, baba," akasema. "Sahani ya pale nikiila mimi, ni 2,000 yangu imekwenda."

Akanikaribisha. Nikavuta benchi.